Hodi Huko Mirihi

Mimi Riyama, binti wa Matar mchukuzi wa bandari ya Malindi, hapa Mji Mkongwe, nilikufa mara kadhaa mwezi ule, na mara zote niliuawa na adabu.

Aliyeleta balaa ni Mwalimu Khatib, anayetusomesha sayansi kidato cha pili. Alisema kila kundi la watu watatu lijenge nyumba ya kuishi sayari ya Mirihi, ambako hewa ya kuvuta hakuna na baridi yake inaua. Tujenge uwanjani kwa chochote tutakachookota, kisha siku ya wazazi tujifungie ndani tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Mlango ukifunguliwa, hewa imetoka yote, mmekufa, tokeni mkakae kivulini. Kundi litakalobaki hai litakwenda Dar es Salaam kwenye maonyesho, kwa boti.

Niliposikia boti sikusikia tena kitu. Baba yangu anapakia mizigo ya boti hizo kila siku ya Mungu, na mimi sijakanyaga hata moja. Safari yangu ya mbali kabisa ni Mangapwani, tena nilitapika njia nzima. Nikaapa Dar nitakwenda, hata ikibidi kumfunga mtu kamba.

Wa kufungwa kamba walikuwa wawili. Kulikuwa na Bakar, ambaye anafikiri kwa tumbo, na Tahiya, aliyelelewa na bibi yake, tena akalelewa mno. Nyumba yenyewe tuliijenga hasa. Baba alinipatia maboksi ya mafriji kutoka bandarini, tukayaunga kwa gundi, tukayafunika turubai, hata sisimizi asingepata pa kupenya. Tukaingia kufanya jaribio. Hatujakaa sawa, mzee Borafya, mlinzi wa skuli, akapita.

"Hodi humu!"

"Karibu!" akasema Tahiya, na mlango ushafunguka.

Tukafa.

"We Tahiya una akili kweli? Nje hakuna hewa!"

"Mtu mzima kapiga hodi, Riyama. Nimwambieje?"

"Usimwambie kitu!"

"Astaghfirullah," akasema Tahiya, akanitazama kama nimemtukana bibi yake.

Siku ya pili alipita mama wa mandazi, akafungua Bakar. Siku ya tatu alipita mzee Borafya tena, makusudi, kwa sababu mara ya kwanza alipewa chai. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Masoud, kiongozi wa kundi la jirani, alikuwa akicheka mbavu hazina nafasi.

"Sisi tutanyamaza tu," alisema. "Mgeni akipiga hodi tatu asijibiwe, anaondoka zake. Ndo adabu yenyewe hiyo. Nyie hamuwezi?"

Hatukuweza. Nilijua nikimziba mdomo Tahiya, Bakar atafungua, na nikiwaziba wote wawili, mikono yangu itakuwa imekwisha.

Dawa niliipata nyumbani kwa bibi yake Tahiya, Bi Mwatum. Nyumba yake ni ya zamani, ya Mji Mkongwe, na ukivuka mlango wa barabarani hujaingia bado. Unafikia dakani kwanza, kijichumba cha kupokelea wageni, halafu ndiyo mlango wa ndani. Nilisimama pale dakani nikapiga ukelele mpaka Bi Mwatum akaangusha ungo. Milango miwili! Mgeni anaingia dakani, anafunga wa nje, ndipo tunafungua wa ndani, na hewa yetu haitoki!

Mwalimu Khatib alilizunguka daka letu la boksi huku akitikisa kichwa. Akakubali, lakini kwa sharti. Kila mgeni anakula hewa, kwa hivyo atatundika maputo nje ya nyumba yetu, na kila atakayeingia, puto moja litapasuliwa. La mwisho likipasuka, tumekufa.

Siku ya wazazi ikafika. Kundi la tatu lilikufa mapema, maana mmoja wao alitoka kununua urojo. Tukabaki sisi na kina Masoud.

Wa kwanza kwetu alikuwa Bi Mwatum, na sufuria la pilau kichwani.

"Hodi!"

"Karibu bibi, ingia dakani, funga mlango, halafu ngoja!"

Alifanya vyote bila ya kuuliza, maana kwake ndivyo nyumba zilivyo. Puto likalia pa! Akaketi, akatazama huku na huku.

"Mashallah, nyumba nzuri. Choo kiko wapi?"

Harufu ya pilau ikatoka, sijui ilipita wapi, na wageni wakaanza. Akaja mzee Borafya, bila shaka. Akaja shangazi yake Bakar na jirani yake shangazi. Kila mmoja alipiga hodi, kila mmoja alikaribishwa, na kila puto lilipolia nilihesabu yaliyobaki. Wa kuwaambia waondoke hakuwepo, kwa sababu mgeni hafukuzwi.

"Bibi," nikanong'ona, "hewa inatwishia."

"Fungueni dirisha basi," akasema Bi Mwatum.

Kupitia kidirisha cha plastiki nilimwona mama yake Masoud akisimama mbele ya nyumba yao na sinia limefunikwa kawa. Akapiga hodi, kimya. Akapiga ya pili, kimya. Ya tatu. Alisimama kidogo juani, akalitengeneza buibui lake, akaondoka na sinia lake. Mwenyewe nilimwonea haya, na wala si mama yangu.

Likabaki puto moja, na alasiri imekaribia. Nikaketi na mgongo wangu mlangoni, nimemshika Tahiya mkono huu na Bakar mkono huu.

"Asifungue mtu," nikasema. "Hata awe nani."

"Hodi," ikasema sauti huko nje.

Alikuwa baba. Baba hajawahi kufika skulini kwetu hata siku moja, kazi haimpi nafasi. Tahiya akanitazama. Nikanyamaza. Niliiona boti, naapa niliiona, na mimi nimeketi dirishani.

"Hodi wenyewe!"

Nikanyamaza. Kisha nikamsikia akimwambia Mwalimu Khatib, taratibu, "Pengine wamelala, mwalimu. Napiga ya mwisho, halafu nnarudi zangu kazini. Mwambie tu nlipita."

Akakohoa kusafisha koo. Kabla hajapiga ya tatu mdomo wangu ulikuwa ushafunguka.

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Alivua viatu dakani na kuufunga mlango wa nje kwa uangalifu mkubwa. Pa! Akaingia ameinama, akayapapasa maboksi.

"Ndo yale yangu haya?"

"Ndo yenyewe."

"Mashallah. Na hapa ndo wapi?"

"Mirihi, baba."

"Pana maji ya kunywa?"

Nikampa. Mwalimu Khatib akapuliza filimbi, tumekufa sote na wageni wetu, na baba bado anakunywa. Punde ikafuata adhana. Kina Masoud wakatoka mbio wakiimba Dar, Dar. Niliumia, na sikujizuia, nililia kwa sauti.

Bi Mwatum akamweleza baba mambo yote. Baba akaniinamia.

"Kwa hivyo ungeninyamazia ungekwenda Dar?"

"Naam."

"Na mie ningerudi zangu bandarini."

"Naam."

Alinifuta uso kwa kitambaa chake cha begani, kinanuka dagaa, nikalia zaidi.

Pale nje Masoud alikuwa amesimama peke yake. Wenzake washachukuliwa na wazazi wao. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na shangwe ishamwisha.

"Mama yangu hajaja?" aliuliza.

Akasogea mpaka kwenye daka letu.

"Hodi," akasema, kwa sauti ndogo.

Wallahi nilitaka kunyamaza. Nilitaka apige ya pili na ya tatu na aondoke na tumbo lake tupu. Baba akanitazama tu.

"Karibu," nikasema huku nimeuma meno. "Funga mlango."

Akaketi karibu yangu, akatia mkono kwenye pilau, akala kama mtu aliyetoka Mirihi kweli. Matonge machache, kisha, mdomo umejaa, akaniuliza nataka aniletee nini kutoka Dar.

Nikamwambia ale kimya.