Kwenda na Kurudi

Anayelisikia la mkuu naye huvunjika guu. Nukta aliligundua hilo saa saba na robo mchana, akiwa amepiga magoti mbele ya mashine waliyoiunda wenyewe, yeye na kaka yake, katika chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo ya mama.

Ilikuwa mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta. Mota walizing'oa kwenye mashine mbovu za kutolea nakala, fremu wakaiunga kwa mabomba ya mraba. Kaka, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia, ndiye aliyeingiza namba za kuiongoza.

"Namba zangu usiziguse," alimwambia wiki iliyopita. "Nimepima. Mkubwa akishasema, mdogo anafunga domo."

Naye akalifunga.

Leo kaka hayupo, mikono ikamwasha. Alibandika saa ya kupimia, ile yenye mshale na pini inayobonyea, ubavuni mwa meza ya mashine, akaweka mshale kwenye sifuri. Akaiamuru meza iende milimita mia moja. Ikaenda sawasawa. Akaiamuru irudi. Mshale ulipaswa kutua kwenye sifuri. Ukakomea njiani, karibu milimita moja kabla ya kufika.

Akarudia. Ukakomea palepale. Mara ya nne hakuhitaji tena kuangalia. Alishika nati ya shaba inayosukuma meza, akaitikisa, ikacheza kama jino bovu. Ilikuwa na plei, ule ulegevu wa nati kwenye skrubu yake. Kila meza ilipogeuka kurudi, skrubu ilizunguka bure kwanza, kompyuta ikihesabu safari ambayo meza haijaenda.

Kaka alipima kwenda. Hakupima kurudi.

Jana mashine hii ndiyo waliyotobolea bamba la winchi ya gereji ya baba, la kufungwa kwenye boriti: matundu manne, pini nne za kubana, uzito wa injini nzima ugawanywe sawa. Aliyakumbuka vizuri, maana yeye ndiye aliyesimama pale akipuliza vumbi la chuma. Mawili yalitobolewa meza ikienda. Mawili ikirudi, kwa hiyo hayakukaa mahali pake.

Na injini ya kwanza ilikuwa inainuliwa leo, mchana huu.

Akapiga simu. Ikaita, ikaita, ikakata. Simu ya baba hukaa mfukoni mwa koti, koti hukaa msumarini, na baba hukaa chini ya magari. Nukta akatoka mbio na ndala moja. Ya pili hakuikumbuka mpaka lami ilipomchoma.

Gereji ilikuwa mwisho wa mtaa. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi. Juu, kwenye boriti, lilikuwepo bamba. Chini yake mnyororo. Chini ya mnyororo injini. Na chini ya injini, juu ya kipande cha boksi, miguu miwili ya baba aliyelala chali.

"Unakimbizwa na nyuki?" kaka akacheka, mkono kwenye mnyororo.

"Pini ziliingia zote?"

"Mbili ziligoma. Nikazibembeleza kwa nyundo."

Nukta akainua macho. Kichwa cha pini moja kilikuwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Baba, toka," alinong'ona.

"Subiri mwanangu, nati moja tu."

"Toka!"

"Nimesema moja tu, we mtoto!"

Boriti ikalia, ki, kidogo sana. Nukta akaikamata miguu ya baba yake mzazi kwa vifundo, akamburuta juu ya sakafu yenye oili, kidevu cha mzee kikigonga bomba la injini njiani, mzee akitukana, wateja wakisimama. "Namba zako ni za uongo!" alimfokea kaka. "Za uongo!"

Kaka alikuwa anafungua kinywa kumjibu pini ilipokatika. Bamba likapinda, injini ikashuka kwa kishindo kilichotikisa mabati, ikatua juu ya boksi.

Baba aliketi, akajipapasa goti la kulia, kisha la kushoto. Miguu ilikuwa mizima. Damu ilimchuruzika kidevuni.

Kaka ndiye aliyesema kwanza.

"Haya, mzee amepona. Lakini umemburuta kama gunia. Na mimi umeniita mwongo mbele ya wateja. Mimi ni kaka yako. Omba radhi."

Baba alitazama sakafu, akifuta kidevu kwa kiganja.

"Nukta. Mkubwa wako anasema."

Nukta aliitazama injini, akalitazama boksi lililobanwa chini yake.

"Siombi," alisema. "Si kwake, si kwako. Siombi."