Mawakili Wanaokata

Asubuhi ya kesi, mfagiaji wa mahakama moja ya Chicago alimwaga unga wa mbao kuzunguka kizimba cha shahidi, kama ilivyo kawaida kampuni kubwa za mawakili zinapokuja. Rosalind Sikora alikaa benchi la mbele na koti lake kuukuu, lile lisiloonyesha damu. Kazi yake ilikuwa kulinganisha makali ya kampuni hizo mahakamani, kwa ajili ya jarida ambalo wenye viwanda hulisoma kabla ya kumchagua wakili. Mwaka ule zilizogombea nafasi ya kwanza zilikuwa mbili. Vandermeer walivunja mifupa. Waliwahi kumhoji mhasibu mmoja mpaka mbavu zake zikasikika kwenye korido. Hollister wao walikata.

Siku hiyo Hollister walikuwa wanakitetea kiwanda cha chuma, na mlalamikaji alikuwa Bernadette, dada yake Rosalind, ambaye mumewe, Walt, alitumbukia kwenye tanuri lisilo na uzio. Rosalind alimwomba mhariri ampe mtu mwingine kesi hiyo. Mhariri akasema hakuna mwingine mwenye jicho kama lake.

Alianza wakili wa Bernadette, mzee Teague, kwa kumhoji meneja wa kiwanda. Alijitahidi. Maswali yake yalimwachia meneja mikwaruzo shingoni, kama ya paka, naye akaomba plasta.

Kisha Garrett Stroud wa Hollister akamsogelea Bernadette kizimbani. Hakupandisha sauti.

"Pole sana kwa msiba, mama. Mumeo alikuwa mnywaji?"

"Bia za Jumamosi, kama wanaume wote wa mtaani kwetu."

Shavu la Bernadette likachanika kutoka sikioni hadi mdomoni.

"Kwa hiyo alikuwa mnywaji."

"Sikusema hivyo!"

Likachanika la pili.

"Napinga, Mheshimiwa!" Teague akaruka.

Jaji akalikataa pingamizi, akaagiza shahidi apewe taulo. Mmoja wa raia walioketi kuamua kesi akavua miwani, akaifuta.

"Asubuhi ile mligombana?"

Bernadette akamtazama mdogo wake. "Kidogo tu. Kwa sababu ya kahawa."

Hapo kifua kikafunguka. Rosalind aliuona moyo wa dada yake ukidunda, mdogo kuliko alivyodhani. Mkono wake uliendelea kuandika: safi, hana papara, harudii pigo.

Wale raia hawakukawia. Kiwanda hakikuwa na kosa.

Kwenye korido Rosalind alimfunga dada yake kifua kwa skafu, akaikaza kwa goti.

"Nilisema kweli tupu," Bernadette akasema.

"Najua, dada."

"Umewaweka wa kwanza?"

"Ndiyo."

Bernadette hakukasirika. "Basi nitafutie huyohuyo kwenye rufaa. Teague mtu mwema, lakini hana kucha."

"Hawachukui watu wa kwetu."

"Umewauliza?"

Hakuwa amewauliza. Akamkuta Stroud kwenye sinki la mwisho wa korido, akisuuza mikono ya shati. Stroud alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaeleza kwamba kampuni yake huwatetea wenye viwanda tu, na kwamba angependa kusaidia.

"Ila kile kidonda cha kifuani," akauliza, "umekiona vizuri pale ulipokaa?"

"Nimekiona," Rosalind akasema, akampa karatasi ya kujifutia mikono.