Nani Anaizima Namba Saba

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2019, Sikukuu ya Msalaba. Kulipambazuka na ukungu mzito juu ya mashamba ya mizabibu ya mji wetu wa Huși, Romania, kisha jua likautoboa, na mbao za jukwaa la uwanjani zikaanza kufuka mvuke.

Nilikaa pembeni mwa jukwaa, kompyuta magotini. Ilinca, mwimbaji wetu, alivaa bangili nyeusi mkono wa kulia. Akikifungua kiganja kuelekea watu, bangili inatuma ujumbe bila waya. Programu niliyoipanga mimi inaugeuza kuwa amri ya MIDI, lugha ambayo kompyuta na vinanda huongea: namba saba, ile ya ukubwa wa sauti. Na kwaya iliyorekodiwa ndani ya kinanda cha Ghenadie, mpiga kinanda wetu, inapanda. Akikigeuza kiganja kifuani, kwaya inashuka mpaka inakufa. Kazi hiyo niliisomea shule ya jioni, baada ya zamu za kiwandani, nikiwa na nywele nyeupe tayari. Sikuingia darasani hata siku moja bila kusali kwanza.

Leo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya kazi mbele ya watu. Mzee Doru, mpiga fidla na mkuu wa kikundi, alikuwa ameshaniambia: "Veturia, kitu hiki kikizingua, kompyuta inarudi mkobani na wewe unarudi kutuuzia tiketi. Sina ugomvi na wewe. Nina tamasha."

Tulikuwa katikati ya kujaribu wimbo wa kwanza, kengele za kanisa kuu zikalia. Tukafumba macho, tukafanya ishara ya msalaba. Tulipofumbua, kwaya ilikuwa imekufa. Ghenadie peke yake hakuwa amefanya ishara. Mikono yake ilikuwa bado juu ya kinanda.

"Shangazi," akaniita, "malaika wako wamekwenda kunywa chai?"

Sikucheka. Kabla yangu, Ghenadie ndiye aliyekuwa akiipandisha na kuishusha kwaya ile kwa kitufe cha kinanda chake, na watu walimsifu kwa hilo. Siku nilipokuja na bangili hakusema neno. Mtu asiyesema neno ana mengi, nilifikiri. Sasa nikamwona anashuka jukwaani, anajibanza nyuma ya spika kubwa, anatugeuzia mgongo. Aliporudi alikuwa anajipangusa vidole kwenye suruali.

"Unaficha nini kule?"

"Kivuli changu. Kinaona haya."

"Nionyeshe mfuko wako."

"Tangu lini umekuwa askari wa forodha, shangazi?"

Tukaanza wimbo upya. Ilinca akafungua kiganja, kwaya ikajaa uwanja mzima, hata wauza zabibu wakageuka kutazama. Kisha kengele zikalia tena. Macho tukafumba, tukafumbua. Kimya. Nikasimama.

"Mzee Doru, huyu ana simu. Anatuma amri za kuizima kazi yangu."

"Una ushahidi?"

"Kila sauti inapokufa, sisi tunasali na yeye hasali."

Ilinca akaangua kicheko. "Kwa hiyo kinanda kimepagawa? Tumwite padri?"

Ghenadie hakucheka. "Shangazi, hilo neno zito. Umelisema mbele ya watu."

Mzee Doru akatazama saa. "Tunajaribu mara moja tu. Ikikatika, kompyuta inafungwa."

Kengele za misa zilipolia kwa mara nyingine, moyoni niliomba: Bwana, nisamehe, leo sifumbi macho. Nikamkazia Ghenadie macho. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya kinanda, vidole vimekandamiza vitufe, simu haipo. Nikashusha macho kwenye kioo cha kompyuta. Namba saba ilikuwa mia na ishirini na saba, juu kabisa. Mara ikaporomoka. Sifuri. Ujumbe ulikuwa umetoka kwenye bangili.

Nikainua uso. Ilinca, macho yamefumbwa, vidole vitatu vimekutana: kwenye paji la uso, tumboni, bega la kulia, bega la kushoto. Kiganja chote kinamtazama yeye mwenyewe. Akashusha mkono, kiganja kikabaki kimelala pajani.

Katika ukumbi wa mazoezi hatukuwahi kusikia kengele.

"Ni msalaba," nikasema. "Ilinca akijifanyia ishara, bangili inadhani anafunga wimbo."

"Basi nisifanye?" Ilinca akauliza. "Sikukuu ya Msalaba?"

"Fanya, mwanangu. Nitaibadilisha programu."

Wakati huo Mzee Doru alikuwa ameinama nyuma ya spika. Akatoka na karatasi iliyolowa mafuta. "Soseji! Ghenadie, Msalaba ni siku ya mfungo, hatuli nyama!"

Ghenadie akawa mwekundu mpaka masikioni. "Niliamka na njaa. Ningejigusaje paji la uso na mkono unaonuka nyama?"

Nikapanga upya: sifuri ya bangili ifike kwenye kinanda kama sitini, ili kwaya iiname tu, isife. Lakini hapo bangili isingeweza tena kuufunga wimbo. Mwisho wa kila wimbo ungemtegemea Ghenadie aondoe vidole pale pale Ilinca anapogeuza kiganja. Nikamweleza hivyo.

Akakunja mikono. "Mimi ni mwizi wa sauti, au siyo? Mwizi haombwi msaada. Kama unanitaka, sema hapa hapa. Wote wasikie."

Watu walikuwa wameanza kujaa uwanjani. Mzee Doru akanisogezea kipaza sauti bila kuniuliza, akakiwasha.

"Ghenadie," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika zote, "nilikushuku, na hukuwa na kosa. Naahidi mbele ya Mzee Doru, mbele ya Ilinca na mbele ya watu hawa wa Huși: kwaya ikikatika leo, nitasimama hapa katikati ya jukwaa na kusema kosa ni langu, kabla hamjamtazama mtu mwingine." Ghenadie akakunjua mikono, akaiweka juu ya kinanda.