Shorewanda wa Verlyn

Verlyn Tollefson alipopofuka kwa kisukari, daftari la ndege lilimwangukia mkewe Ardis. Kwa miaka thelathini na mmoja Verlyn alikuwa ameandika siku shorewanda, ndege wadogo wanaohamia kaskazini, walipotua uani kwao, theluji ikianza kuyeyuka. Sasa kila asubuhi aliketi kando ya dirisha la nyuma na kumuuliza mkewe nani wamefika.

Asubuhi hiyo Ardis alikuwa kwenye beseni la jikoni, ameupa ua mgongo. Tangu alfajiri alikuwa ameshamwinua mumewe mara mbili, akambadilishia shuka, akamchoma sindano. Kiuno kilikuwa kinamwaka moto.

"Wamekuja?"

"Wamekuja. Watano. Wa utosi mweupe."

Verlyn alikunja uso. "Hao hufika Mei, mama. Leo Aprili ishirini. Hivi umetazama kweli?"

Ardis akafunga bomba. "Sijatazama. Tangu Jumamosi sijatazama hata mara moja."

"Wale wanane wa jana?"

"Nimewatunga."

"Na ukawaandika? Kwenye daftari langu?"

"Nimewaandika, ndiyo! Nikuoshe, nikulishe, nikuvalishe, halafu nikuhesabie na ndege? Mimi nina mikono mingapi, Verlyn?"

 Ardis aliona mzee ameinamisha kichwa, akajuta, lakini hata kuomba radhi kulikuwa kazi. Akavuta kiti, akajibwaga kando yake.

"Haya. Nimeketi. Natazama."

"Unaona nini?"

"Ndege wa kahawia. Wote kahawia tu, kama majani yaliyooza."

"Hakuna anayeparua majani kwa miguu yote miwili? Anaruka mbele, anaruka nyuma?"

Ardis alikaza macho. Chini ya kichaka kulikuwa na mmoja, mnene kuliko wenzake, anarusha majani kama kuku mwenye hasira.

"Yupo. Kifua kimejaa madoa mekundu."

"Mkia nao mwekundu?"

"Kama kutu."

"Basi ndiye shorewanda mwekundu! Mwaka jana hakutua kabisa." Sauti ya Verlyn ilipanda, kisha ikashuka. Alipapasa mpaka akaupata mkono wa mkewe, ukiwa bado na povu. "Yule mama wa kuhudumia wagonjwa, namba yake unayo?"

"Ulisema hutaki mtu baki akuoshe."

"Nilisema. Sasa nasema mpigie."

Ardis alidhani atalia, au atafurahi. Hakupata nguvu ya lolote. Alifuta wale wanane, akawafuta na wengine wa uongo, akaandika: Aprili 20, shorewanda mwekundu, mmoja. Kisha akapiga simu. Mwanamke wa upande wa pili alisema anaweza kuanza Alhamisi.

"Alhamisi ni lini?" Verlyn aliuliza.

"Keshokutwa," Ardis alisema, akainuka kwenda kuanika shuka.