Shule ya Magurudumu Manne

Billow aliwatoa watoto shuleni kwa barua ya kurasa tatu, na ukurasa wa pili wote ulihusu uhuru. Mkewe Luul aliisoma akiwa amesimama jikoni kwao Saltley, Uingereza, koti la kazini bado mwilini, kwa kuwa aliitwa aangalie kama kuna makosa ya tahajia. Hakuitwa kwa jambo lingine.

"Iko sawa?" Billow aliuliza.

"Neno uhuru umeliandika mara tisa."

"Ni jambo muhimu."

Billow alikuwa mkaguzi wa programu za kompyuta, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya popote penye intaneti, hata kitandani, na yeye alipenda zaidi kitandani. Mwaka mzima alikuwa akitazama video za familia fulani iliyouza nyumba yake, ikahamia ndani ya gari na kuzunguka majangwa, watoto wakifundishwa na wazazi wao wenyewe. Katika video hizo hakuna mtoto aliyekohoa, hakuna aliyetafuta soksi, na mama yao alikata matunda huku akicheka, kana kwamba matunda yalikuwa yakimtania. Billow aliwatazama mpaka akasadiki kwamba yeye naye ana watoto wa namna hiyo.

Watoto aliokuwa nao hasa ni Abdiaziz wa miaka kumi na tatu, ambaye mara ya mwisho kumwambia babake sentensi nzima ilikuwa mwezi wa Ramadhani, na Kowsar wa miaka tisa, ambaye hakunyamaza hata akiwa amelala. Wazazi wao walizungumza nao Kisomali. Kiswahili walichotoka nacho Kenya walikiweka kwa ajili ya ugomvi, ili watoto wasielewe. Watoto, bila shaka, walikielewa vizuri sana, na msamiati wao wote ulikuwa wa ugomvi.

Gari lenyewe Billow alilinunua kwa mzee mmoja mstaafu kule Selly Oak. Lilikuwa nyumba kwa kweli: vitanda vinne, jiko, sinki, na choo ambacho tangi lake lilivutwa nje kwa mkono na kumwagwa na mwanaume mwenye uhuru. Alipoliegesha mtaani kwao lilifunika milango ya majirani wawili na nusu ya wa tatu.

Mamake Billow, Khadijo, alipigiwa simu Nairobi ili atoe baraka zake.

"Mnaenda wapi?" aliuliza.

"Moroko, mama. Jangwani. Wiki saba."

"Uingereza wamewafukuza?"

"Hapana, mama. Tunaenda wenyewe. Watoto wajifunze."

"Wajifunze nini? Jua? Babako alitoka Wajir na shati moja ili wewe usilione lile jua. Mpe Luul simu."

Luul alipopewa simu alicheka tu. Aliomba likizo bila mshahara katika duka la dawa la Alum Rock Road alikofanya kazi, akafunga mizigo. Wenzake walimuuliza kwa nini amekubali. Aliwaambia ni nafasi nzuri ya kuona dunia. Ukweli ni kwamba watoto wangeenda, yeye aende asiende, na lazima mtu mmoja katika safari hiyo ajue dawa ya kuhara iko wapi.

Mwezi wa Oktoba wakavuka bahari kutoka Portsmouth, na shule ikafunguliwa rasmi. Jiografia ilikuwa Uhispania yote, ikipita dirishani kwa kilomita tisini kwa saa. Hisabati ilikuwa kukisia dizeli. Sayansi ilifundishwa siku tangi la choo lilipojaa mapema kuliko mwalimu alivyotarajia, na hilo ndilo somo pekee ambalo Abdiaziz aliandikia maelezo. Saa nne kila asubuhi Billow alisimamisha gari, akapiga makofi na kusema, "Haya, leo mnataka kugundua nini?"

"Wi-Fi," alisema Abdiaziz kwa Kiingereza.

Luul alikaa kiti cha mbele na kunyamaza. Kunyamaza kwake Billow alikutafsiri kuwa utulivu wa moyo, akaandika hivyo kwenye ukurasa aliouanzisha mtandaoni, wenye wafuasi kumi na wanane, sita kati yao wakiwa dadake Saido kwa majina tofauti.

Walipofika kusini mwa Moroko, ambako lami inaanza kupakana na mchanga, palikuwa na kambi nzuri yenye maji, umeme na miti ya kivuli. Billow aliitazama kwa dharau. Simu yake ilimwonyesha mahali pengine, kilomita kumi na mbili kutoka barabarani, pasipo na kitu wala mtu. Huko, alisema, ndiko watoto watakakoonja jangwa halisi.

"Baba Abdi," Luul alisema, "mchanga ule ni laini. Ona rangi yake."

"Luul, mimi ni Msomali. Jangwa liko ndani ya damu yangu."

Luul aligeukia dirisha. Damu hiyo ilizaliwa Eastleigh, Nairobi, katika ghorofa ya tatu juu ya duka la mapazia, na mchanga iliowahi kuujua ni ule wa mafundi wa ujenzi. Lakini mtu akishataja damu unamjibu nini?

Waliiacha lami saa tano asubuhi. Saa tano na robo gari lilizama.

Billow alikanyaga mafuta. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yaliyovuta gari, yakazunguka kwa bidii yakajichimbia shimo. Akakanyaga tena, shimo likawa zuri zaidi. Akazima injini, akawageukia watoto na uso wa mwalimu.

"Haya. Nani anaweza kuniambia msuguano ni nini?"

Alishuka, akainua simu juu, akapanda ngazi ya nyuma mpaka kwenye paa, akainua simu tena. Mtandao haukuwepo. Kila mara alipoongelea uhuru, hili la uhuru wa kukosa mtandao lilikuwa limemponyoka. Aliposhuka akaanza kuchimba kwa mikono, uso wake umebadilika, na Kowsar, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa kimya. Mtoto alikuwa akitazama midomo ya babake, na midomo ya babake ilikuwa imekauka.

Hapo ndipo Luul alipovua viatu.

"Abdiaziz, maji yote yako wapi? Hesabu chupa. Kowsar, shuka, keti upande huu wa gari, kivulini, usikimbie. Baba Abdi, acha kuchimba sasa hivi. Unatoka jasho tunalolihitaji."

"Lazima tufanye kitu."

"Tunafanya. Tunakaa. Jua likiinama tutaanza."

Alisema kwa Kisomali, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia nyumbani, ya mtu aliyezoea kutiiwa na mbuzi mia moja. Wote wakakaa.

Baada ya muda Kowsar alimwuliza mamake, "Hooyo, umejuaje yote haya?"

Luul hakuwahi kuwaambia. Hakuona aibu, ila katika nyumba ya watu wanaoongea sana nafasi ya kusema haipatikani kirahisi. Sasa nafasi ilikuwepo, tena pana kupita kiasi. Akawaambia kwamba alikua nje ya Habaswein, kule Wajir, akichunga mbuzi, tangu akiwa mdogo kuliko Kowsar. Malori yaliyoleta unga yalikwama kila wiki, na watoto wote walijua kuyatoa, maana dereva aliyetolewa mchangani aliwapa biskuti.

"Na shule je?" aliuliza Abdiaziz, na kumbe aliuliza kwa Kisomali.

"Niliingia darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mbuzi walikuwa wamekufa kwa ukame, ndipo shangazi akanichukua Garissa."

Abdiaziz alifikiri. "Kwa hiyo wewe ulisomeshwa nyumbani. Kama sisi."

Luul alicheka. Tangu Portsmouth hakuwa amecheka, na kicheko kilimtoka kwa wingi mpaka akashika mbavu. Kisha kikaisha ghafla.

"Hapana," alisema. "Mimi sikusomeshwa popote. Njia ya kisimani ilipita karibu na shule iliyokuwa na ua wa miiba. Nilikuwa nawachelewesha mbuzi makusudi, nasimama nje ya ua nawasikiliza watoto wakisoma kwa sauti. Niliyajua yote waliyosoma, mstari kwa mstari, bila kujua maana yake. Mwalimu alikuwa ananifukuza. Nilirudi kila siku na kila siku alinifukuza."

Billow aliokota kijiwe, akakitazama kama programu yenye hitilafu.

Jua lilipoinama Luul aliwapangia kazi. Walitoa upepo magurudumuni mpaka matairi yakalala kama yamechoka. Walichimba mteremko mbele ya kila gurudumu la mbele, kwa sufuria na kwa mikono. Waling'oa zulia la sakafuni, wakatoa mbao za vitanda, wakazitandika. Billow alitaka kuendesha. Luul alimtazama tu, naye Billow akamkabidhi funguo zilizokuwa mfukoni mwake.

Luul hakukanyaga mafuta. Aliyagusa polepole, gari likasogea, likasita, ubao mmoja ukavunjika kwa mlio, kisha likapanda na kutambaa. Hakusimama mpaka alipofika kwenye changarawe ngumu, watoto wakikimbia nyuma na vipande vya zulia, Billow nyuma yao na sufuria. Jioni waliingia katika ile kambi yenye maji na umeme. Billow alijaza upepo matairi moja baada ya jingine kwa kipampu kidogo cha yule mzee wa Selly Oak, na kwa mara ya kwanza hakumwuliza mtu yeyote maana ya shinikizo.

"Watoto watarudi shuleni," Luul alimwambia, kwa Kiswahili.

"Tulikubaliana tuwafundishe wenyewe mwaka mzima."

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilikagua tahajia."

Kurudi hakukuwa rahisi kama kutoka. Abdiaziz alipata nafasi shuleni kwake. Ya Kowsar ilikuwa imechukuliwa, akawekwa kwenye orodha, akangoja nyumbani mpaka mwezi wa Februari, kisha akapata shule nyingine ya mbali, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Alilia wiki nzima kwa ajili ya rafiki zake wa zamani. Billow alijitolea kumpeleka kila asubuhi, na hakuliandika popote.

Asubuhi moja, akiwa amerudi kutoka kumpeleka Kowsar, alimkuta Luul jikoni anajiandaa kwenda kazini. Alisimama mlangoni bila kuvua koti.

"Walikuwa wakisoma nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Ndani ya ule ua wa miiba. Wale watoto."

Miaka kumi na minne ya ndoa, na hakuwa amewahi kumwuliza habari za utoto wake. Luul aliangalia saa, akaona atachelewa, akavuta kiti.

"Weka chai," alisema.