Mstari Katika Shamba la Kunde

Jiwe lilimpata Mwongeli mgongoni akiwa amepiga magoti shambani.

"Kumbe kanga wanaofukua mbegu siku hizi wanajifunga leso!" Mama mkwe wake, Kaluki, alikuwa na jiwe la pili mkononi.

Mwongeli hakuinuka. Vidole vyake vilikuwa udongoni, na kwenye bakuli kulikuwa na kunde alizofukua. Walizipanda pamoja, wawili hao, ardhi ikiwa kavu, kama watu wote wa Migwani wanavyopanda kabla ya mvua. Safari hii mvua haikuja.

"Mwaitu, mama yangu, Kavindu ameacha kulia," alisema. "Tangu jana ananiangalia tu."

"Mpeleke kwa baba yake."

"Tangu Kiema aende Sultan Hamud kutafuta kibarua, simu yake haishiki. Unajua."

"Najua. Nilizaa mjinga, akaoa mwizi." Kaluki alisogea akatazama bakuli. "Hiyo ni mbegu ya mama yangu. Haikuliwa hata mwaka tuliochemsha ngozi ya kulalia. Nilizika mtoto, mbegu ikabaki. Mvua ikija utapanda nini? Meno yako?"

"Wewe ulizika wako. Mimi sitazika wangu."

Kaluki aliangusha jiwe. Akaenda akachukua jembe, akalikokota katikati ya shamba, kutoka ua wa miiba hadi kwenye kichuguu.

"Chini ya mstari ni kwako. Fukua, ule, umalize. Juu ni kwangu. Mkono wako ukivuka, nitaukata. Na siku ya kuvuna usiniletee bakuli."

Mwongeli alifukua hadi kucha zikatoka damu. Jioni alichemsha kunde, akaziponda, akamlisha Kavindu kidogo kidogo. Alimpelekea Kaluki sahani. Ilirudi imefunikwa vilevile, na Kaluki akalala njaa.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata. Juu ya mstari, kunde zikachomoza. Chini, matope matupu.

Majani yalipofaa kuchumwa, Kaluki alishuka na kiondo. Mwongeli alikuwa amesimama mpakani, amemshika Kavindu mkono.

"Nilikwambia usije na bakuli."

"Sina bakuli."

Kaluki alichuma, akajaza kiondo, akageuka kwenda. Kisha akasimama, bila kuwatazama.

"Mtoto aje. Wewe baki hapo hapo."

Mwongeli aliuachia ule mkono mdogo. Kavindu akavuka mstari kwa miguu yake mwenyewe.