Mikono Miwili ya Sebahire

Sebahire alipoteuliwa kuwafundisha wenzake mashine mpya za mkononi pale kituo cha maziwa cha Gisenyi, alitembea siku tatu kifua mbele, utadhani kazitengeneza yeye. Ukweli anaujua mwenyewe, na siku hizi anausimulia bila kulazimishwa: alikuwa ametazama video mbili kwenye simu ya mkewe, na ya pili hakuimaliza.

Mashine ilikuwa kama simu nene, yenye kijidirisha upande wa nyuma. Ukibonyeza kitufe, kijidirisha kinatoa mwanga mwekundu, kinasoma stika ya dumu, mashine inalia tii, na maziwa yanajulikana ni ya mfugaji gani wa Kanzenze au Nyakiriba. Basi, hiyo ndiyo elimu yote. Lakini Sebahire aliigawa katika masomo manne, na la kwanza lilikuwa historia ya mashine.

Wafanyakazi wengine walijiokotea zao mezani wakaanza kupiga tii tii kabla hajamaliza historia, jambo lililomuudhi. Akabaki Mama Illuminée. Mama huyu, aliyerudi kutoka Masisi, Kongo, alikuwa na miaka ishirini mlangoni pale, na maziwa yaliyotiwa maji aliyajua kwa kuyatazama tu. Yeye hakuokota kitu mezani. Kila asubuhi alingoja mwalimu amkabidhi mashine, kisha akaipokea kama mtu mwenye adabu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake: mikono miwili, magoti yakiinama kidogo. Sebahire aliipenda mno heshima ile. Nyumbani kwake hakuwa akiipata.

"Mwalimu, mi nafinya, lakini iyi kitu inanyamaza," alisema Mama Illuminée.

"Bonyeza bila woga, mama," alijibu Sebahire kwa Kiswahili chake cha Karagwe, Tanzania, alikokulia, ambacho alikiona ni cha daraja la juu.

"Nafinya na roho yote. Bon, labda haipendi wazee."

Siku tano ilinyamaza. Ijumaa Sebahire akamwandikia ripoti mkurugenzi, Madame Uwimbabazi: wote wameelewa isipokuwa Illuminée, na asiyeweza atolewe mapokezi, apelekwe kuosha madumu. Kuosha madumu ni kushinda kutwa mikono ndani ya maji baridi. Sebahire aliona sentensi ile imekaa vizuri, akaisoma mara mbili kabla ya kuituma.

Jumatatu asubuhi Madame Uwimbabazi akafika na ripoti mkononi. Mama Illuminée, aliyekwisha kuambiwa, alikuwa amesimama kando ya mlango, kitenge amekifunga vizuri.

"Kama ni kuenda kwa maji, nitaenda," alisema. "Lakini sikukuwa nacheza. Ilinikatalia."

"Kabla sijamtoa mtu wa miaka ishirini kazini," alisema Madame, "nataka nione kazi yenyewe inavyofanywa. Sebahire, nionyeshe wewe."

Akamnyooshea mashine. Huyu ni mkurugenzi, si mchezo. Sebahire akainama, akaipokea kwa mikono miwili, na akiwa bado amejikunja kwa adabu akaielekeza kwenye dumu na kubonyeza. Kimya. Akaenda dumu la pili. Kimya. Jasho likaanza kumtoka. Akasema ni betri. Madame akatazama, betri imejaa. Akasema ni mtandao. Kisha, Mungu amsamehe, akasema labda ni maziwa.

"Mwalimu," alisema Mama Illuminée taratibu, "sasa naona. Mukono ya kushoto. Iko juu ya jicho yake."

Sebahire akageuza mashine. Kiganja chake kilikuwa kimekifunika kijidirisha chote. Akakitoa, akabonyeza. Tii.

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Siku tano mama yule alimpa heshima, naye akaifaidi, wala hata mara moja hakutazama mikono yenyewe imeshika wapi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Mama Illuminée akaichukua mashine kwa mkono mmoja, kama mtu anayeshika kikombe chake mwenyewe, akasoma madumu tisa mfululizo.

"Madame," alisema Sebahire, "ile ripoti ina jina lisilo lake. Weka langu."

"Na asiyeweza, uliandika aende wapi?"

"Kwenye madumu, Madame."

"Basi mpaka Ijumaa."

Kesho yake Mama Illuminée aliingia kazini akapita kwanza kwenye sinki. Sebahire alikuwa na povu kwenye viganja vyote viwili, kwa hiyo akamnyooshea kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu mwenye mikono michafu. Mama akakishika kwa mikono miwili, magoti yakiinama kidogo.

"Amakuru, Mwalimu?"

Mwalimu akajibu kuwa ni nzuri, akainamia dumu lake haraka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na alitaka yule mama adhani ni sabuni.